Paspoti kwa JPEG, Harusi kwa RAW

Tunduma watu wengi hawaji studio kwa kupenda sura zao. Wanakuja kwa sababu kuna karatasi inayodai sura. Dereva wa lori linaloelekea Lubumbashi ameona hati yake ya kusafiria inakaribia kwisha. Mama wa vitenge amechoka na njia za panya, anataka kuvuka Nakonde kihalali kama watu wengine. Kijana wa kidato cha tano ameambiwa alete picha nne kesho asubuhi, na kwao ni Kamsamba. Wote wanataka kitu kimoja: pazia la bluu nyuma, masikio yaonekane, picha mkononi kabla gari halijaondoka.

Kazi hiyo naifanya kwa JPEG. Taa zangu mbili zimesimama palepale siku zote na rangi ya mwanga wake haibadiliki. Pa kuweka kiti pana alama ya utepe sakafuni. Kamera nimeshaiambia kila kitu tangu asubuhi, kwa hiyo nikibonyeza, picha inatoka imekamilika. Inaingia kwenye kompyuta, inakatwa saizi, inachapwa, mteja anaondoka. Na kama anajaza fomu ya mtandaoni, mifumo hiyo mingi inataka faili dogo, na kubwa inalikataa. Kupeleka RAW huko ni kujitafutia kazi.

Jumamosi nafunga studio, napanda gari kwenda Vwawa au Mlowo kwenye harusi, na kabla sijapiga picha hata moja nimeshaingia kwenye menyu na kuhamisha alama kwenda RAW. Kamera ni ileile na anayeibonyeza ni mimi yuleyule. Msomaji uliyewahi kukodi mpiga picha huenda umelisikia neno hilo likitajwa wakati wa kupanga bei, tena kwa sauti ya kukunyamazisha. Hakuna sababu ya kunyamaza. Jambo lenyewe linaeleweka, na likishaeleweka utajua lini lina maana na lini ni mbwembwe.

Nyuma ya lenzi kuna kihisi, kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Kihisi hakijui rangi. Kina mamilioni ya vijishimo, na kila kimoja kazi yake ni kuhesabu mwanga ulioingia ni kiasi gani, basi. Rangi inapatikana kwa ujanja: juu ya kila kijishimo kumewekwa kichujio, chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer, aliyekuwa akifanya kazi Kodak nchini Marekani, na hataza yake ilitoka mwaka 1976. Aliweka vya kijani mara mbili ya vyekundu, na mara mbili ya vya bluu, kwa kuwa jicho la mwanadamu linapambanua mwanga na kivuli vizuri zaidi kwenye eneo hilo la rangi.

Kwa hiyo picha ikishapigwa, kilichomo ndani ya kamera ni orodha ndefu ya hesabu. Ukiitazama ilivyo, bila kutengenezwa, ni kitu cha giza chenye ukijani, hakipendezi hata kidogo. Lazima mtu aimalize. Swali ni nani.

Kamera inaweza kuimalizia papo hapo. Inakisia rangi zinazokosekana katika kila kijishimo, inaamua nyeupe ni ipi, inakoleza rangi, inanoa kingo, inafuta chengachenga, kisha inaubana mzigo wote na kutupa ilichoona hakina kazi. Faili linalotoka ndilo JPEG. Au kamera inazihifadhi hesabu zile kama zilivyo na kukuachia wewe umalizie nyumbani, kwenye kompyuta, kwa muda wako na umeme wako. Faili hilo ndilo RAW. Waliokuwepo enzi za filamu wataelewa mara moja, maana fundi aliyekuwa na negativu aliweza kuisafisha picha upya, nyeusi zaidi au nyeupe zaidi. Aliyebaki na picha ya karatasi peke yake hakuwa na la kufanya.

JPEG yenyewe isidharauliwe. Ni kazi ya akili kubwa. Hesabu iliyomo ndani yake ilianza na Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuifanyia utafiti akanyimwa, na baadhi ya waliosoma ombi lake waliona wazo ni rahisi mno. Aliendelea hivyohivyo, akalichapisha na wenzake mwaka 1974. Jopo la wataalamu wa picha lililoipa JPEG jina lake liliundwa mwaka 1986, na kanuni zake zikakubaliwa mwaka 1992. Picha zinazopita kwenye simu yako leo, kuanzia mabango ya misiba hadi matangazo ya viwanja Mpemba, nyingi zinasafiri kwa hesabu ya mtu aliyenyimwa fedha.

Inavyofanya ni hivi. Picha inagawanywa katika visanduku vya pikseli 8 kwa 8. Ndani ya kila kisanduku, mabadiliko makubwa ya mwanga yanatunzwa, na yale madogo madogo ambayo jicho haliyafuatilii yanapunguzwa au kutupwa. Rangi nayo mara nyingi hupunguzwa zaidi ya mwanga, kwa sababu macho yetu ni makali kwenye mwanga na mavivu kwenye rangi. Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho yako, tafuta kwenye simu picha ya lori ambayo imeshapita magrupu mengi. Ikuze mpaka ufike kwenye maandishi ya turubai. Pembeni mwa kila herufi utaona ukungu wa vijisanduku, kana kwamba rangi imechuruzika. Kila aliyeihifadhi upya aliibana upya, na kila aliyeibana alitupa kidogo.

RAW nayo, nyingi zinabanwa, ila kwa namna isiyotupa kitu. Kuna jambo linanichekesha hapa: faili la CR2 la Canon, ambalo watu wanalitaja kama adui wa JPEG, ndani yake limebanwa kwa tawi la JPEG lisilopoteza chochote. Siku hizi kuna na RAW zinazopoteza kidogo. Canon ilipoleta CR3 kwenye kamera ya EOS M50 mwaka 2018 iliweka humo C-RAW, ambayo faili lake ni dogo zaidi. Kwa hiyo anayekuambia RAW ni picha isiyobanwa kabisa na JPEG ni iliyobanwa amekupa nusu ya habari. Tofauti kubwa ni kiasi gani cha hesabu kimebaki cha kufanyia kazi.

Na kiasi hicho kinahesabika. JPEG ina ngazi 256 kutoka giza hadi weupe kwa kila rangi kati ya tatu. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kwa picha ya paspoti ngazi 256 zinatosha na kubaki, kwa kuwa hakuna atakayekuja kuzivuta. Shida inaanza pale unapotaka kuvuta.

Harusi ya Mbozi, saa saba mchana, ngazi za kanisa. Bibi harusi amevaa shela jeupe lenye shanga, bwana harusi suti nyeusi, ngozi zao ni za kwetu, na jua liko utosini. Hapo kamera inachanganyikiwa, maana imetengenezwa iamini kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu. Ikiona shela limejaa kwenye fremu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zinaingia gizani. Ukisogea karibu na nyuso inafanya kinyume, inafungua mwanga, na shela linaungua: shanga zimepotea, mikunjo imepotea, limebaki shuka la karatasi. Mama mzazi aliyelipia shela hilo Dar es Salaam atakuuliza shanga ziko wapi.

Mimi napima mwanga kwa ajili ya shela. Nalinda ile sehemu ya begani ambako jua linapiga moja kwa moja, nakubali nyuso ziwe na giza kwenye kioo cha kamera, nasonga mbele. Usiku nikifungua RAW kwenye kompyuta navuta vivuli juu taratibu, na nyuso zinarudi na rangi yake: wekundu wa mashavu, kahawia ya paji la uso, na kile kijisehemu chini ya macho ambacho kina rangi tofauti kabisa na pua. Fanya hivyohivyo kwa JPEG uone. Uso unapanda, lakini unapanda ukiwa na mabaka, ngozi inageuka majivu, na kwenye koti jeusi vile visanduku vya 8 kwa 8 vinaanza kujitokeza kimoja kimoja. Kile ambacho kingetengeneza ngozi kilitupwa palepale ngazini, sekunde ileile kamera ilipomaliza kazi.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya RAW, na nadhani ndiyo sababu inayotuhusu zaidi sisi. Kuipiga ngozi nyeusi vizuri ni kazi ya kwenye vivuli, na vivulini ndiko JPEG inakobania zaidi.

Ila RAW si mganga. Kijishimo cha kihisi kikijaa mwanga kimejaa. Shela likiungua kwelikweli hata RAW haina kitu cha kurudisha, inakupa nafasi ya ziada kidogo tu juu ya JPEG. Kwenye ukumbi ni vilevile. Rangi ya mwanga unaweza kuirekebisha baadaye kwenye RAW bila kupoteza chochote, na hilo ni jambo zuri sana ukiwa na balbu za njano upande mmoja na dirisha upande wa pili. Lakini fundi wa mapambo akiwasha taa za LED za bluu tupu juu ya meza kuu, vijishimo vyekundu havipati kitu, na ngozi bila wekundu haitengenezeki. Kwenye kumbi za namna hiyo namfuata fundi mapema na kumwomba: "Kaka, wakati wa keki niwekee taa nyeupe dakika mbili tu." Dakika mbili hizo zinanifaa kuliko RAW.

Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza siku moja tukiwa tunakata paspoti, "Mama, mbona jamaa wa Mbeya wanasema mpiga picha wa kweli anapiga RAW kila kitu?"

"Wana muda, mwanangu," nikamwambia. "Wewe una foleni."

Alicheka, lakini ndiyo hesabu yenyewe. Chukua Canon EOS 600D, kamera iliyotoka mwaka 2011 ambayo bado utaikuta mikononi mwa vijana wengi wanaoanza, kwa kuwa ya mtumba inapatikana. Faili moja la RAW la kamera hiyo ni kama MB 24. JPEG yake kubwa ni kama MB 6. Harusi ya picha 1,000 ni GB 24 kwa RAW, GB 6 kwa JPEG. Kadi ya GB 32 inayobeba zaidi ya picha 4,500 za JPEG itabeba 1,200 hivi za RAW. Hapo hujaweka nakala ya pili, na asiyeweka nakala ya pili ya harusi ya mtu anacheza na ndoa isiyo yake.

Kisha kuna kasi. 600D inapiga picha zisizofika nne kwa sekunde. Kwa JPEG inaweza kwenda mfululizo kama picha 34 kabla ya kuomba pumzi. Kwa RAW ni kama 6, halafu inasimama kuandika kwenye kadi na wewe unasimama nayo. Sasa fikiria shampeni. MC anahesabu tatu, mbili, moja, kila mtu amesimama, na anapofika moja kizibo hakitoki. Wewe ulishabonyeza kwa msisimko. Picha sita zimekwisha kabla ya sekunde mbili, taa ndogo nyekundu inawaka nyuma ya kamera, na kizibo kinatoka sasa, povu linamwagika, shangazi wanapiga vigelegele, kamera bado inaandika. Kwa kamera ya aina hiyo dawa ni mbili: kubonyeza kidogo kidogo kwa subira, au kwa dakika ile ya shampeni urudi JPEG. Kamera mpya zenye kumbukumbu kubwa ya ndani zimepunguza adha hiyo, lakini bei zake unazijua.

Na kazi ya nyumbani. Picha 1,000, ukiipa kila moja dakika moja tu, ni saa 16 na dakika 40 za kukaa kwenye kiti. Kweli unaweza kurekebisha moja na kunakili marekebisho kwa zile za mwanga unaofanana, na nyingine unazitupa mapema. Bado ni usiku kadhaa, na umeme ukikatika katikati ni usiku kadhaa zaidi. Kompyuta yenyewe iwe na nguvu, maana RAW kwenye laptopu iliyozeeka inafunguka kwa kusuasua. Programu angalau si kisingizio tena. Lightroom ya Adobe inalipiwa kwa mwezi, lakini darktable na RawTherapee ni za bure, na Canon inatoa ya kwake, Digital Photo Professional, bila malipo kwa wenye kamera zake.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: kupiga RAW ni kuahidi kazi. Kama hutaifanya hiyo kazi, na unachofanya ni kuzifungua RAW na kuzigeuza zote kuwa JPEG kwa mkupuo mmoja bila kuzigusa, afadhali ungeiachia kamera. Kamera ingekufanyia vizuri zaidi kwa sababu wahandisi wake walishakaa miaka wakiipanga. Nawajua vijana wanaopiga RAW mwaka mzima na picha zao ni chafu kuliko za JPEG, kwa kuwa RAW ambayo haijashughulikiwa imepauka, na wao wanadhani huo mpauko ndio ubora.

Kuna na hili la wateja kudai RAW. Mama mmoja wa Tunduma, mtu mzima anayejua anachotaka, alikuja baada ya harusi ya binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa nisikubali hizi ulizonipa, nichukue zile zenyewe. Za ro."

Nikamwekea kwenye flashi, sikubishana. Kesho yake alirudi na mpwa wake, kijana wa stationery, wakasema hazifunguki. Zingefungukaje? Canon wana CR2 na CR3, Nikon wana NEF, Sony wana ARW, kila kampuni na lugha yake, na simu au kompyuta isiyo na programu inayoijua lugha hiyo inakuonyesha kiboksi kitupu. Adobe walijaribu kuleta fomati moja ya wazi, DNG, mwaka 2004, ikapokelewa na baadhi ya kampuni, hasa kwenye simu, lakini wakubwa wa kamera hawakuacha za kwao. Tulikaa na yule mama, nikafungua faili moja mbele yake likiwa bichi. Akalitazama lile giza la shela la bintiye, akaniambia, "Hebu nirudishie zile za kwanza." Alichokuwa anakihitaji, na ambacho ana haki nacho, ni JPEG za ukubwa kamili, ambazo hazijapunguzwa kwa ajili ya WhatsApp.

Hapo WhatsApp. Wasomaji wengi hawatakaa waguse RAW maishani, lakini kila siku wanapoteza picha nzuri kwa kuzituma. Kwa kawaida WhatsApp inaipunguza picha mpaka upande wake mrefu unakuwa kama pikseli 1,600, halafu inaibana. Kwa kioo cha simu inatosha. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 inatosha kwa shida. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri inataka kama pikseli 3,500 kwa upande mrefu, yaani zaidi ya mara mbili. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD, kinasaidia, na ukitaka picha ifike kama ilivyoondoka uitume kama dokumenti.

Nasema hivi kwa sababu ya kazi moja ambayo hakuna studio ya mkoani isiyoifahamu. Inaletwa alfajiri, na wanaoileta wamevaa kanga au wana kofia mkononi. Wanataka picha ya marehemu ikuzwe, iwekwe fremu, isimame mbele ya jeneza saa nane. Wanafungua simu, na iliyopo ni ile ya pembeni mwa jina lake WhatsApp, au kipande kilichokatwa kutoka kwenye picha ya pamoja iliyopita kwa ndugu watano. Unaikuza na macho yanageuka vijisanduku. Hapo nauliza kwa upole: nani aliipiga, simu yake iko wapi, yupo Nakonde au Makongolosi? Mara nyingi ile ya asili ipo kwenye simu ya mtu fulani, kubwa na safi, na kinachotakiwa ni kumpigia amwombe mtoto aitume kama dokumenti. Nimeona familia ikipata uso wa baba yao kwa simu moja ya namna hiyo.

Kuhusu simu zenyewe, Android iliruhusu kupiga RAW tangu toleo la 5 la mwaka 2014, na Apple wakaja na ProRAW kwenye iPhone 12 Pro mwaka 2020. Ushauri wangu ni kwamba mwenye simu asihangaike. Simu ya kisasa unapobonyeza mara moja inapiga picha kadhaa, inazilinganisha na kuziunganisha, kivuli kutoka hii, anga kutoka ile, na kukupa moja iliyokwisha. RAW ya kawaida ya simu inaruka kazi yote hiyo na kukupa chengachenga za kihisi chenye ukubwa wa ukucha. Kinachosumbua zaidi watu wa hapa ni HEIC, fomati ambayo iPhone zinahifadhia picha tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Inabana vizuri kuliko JPEG, ila ukifika nayo stationery kwenye kompyuta ya zamani haifunguki. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu, chagua ile inayokubalika kote, utaokoa safari.

Kwa waandishi wa habari mambo yanageuka. Mwandishi wa mkoani aliyekuwepo mpakani Oktoba 2019, marais Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, alihitaji picha ifike Dar es Salaam dakika zile zile. RAW ya nini? Mwaka 2015 shirika la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutoka RAW. Walitaka JPEG iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja, kwa ajili ya kasi na kwa ajili ya ukweli. Anayetaka RAW apige vyote viwili.

Lakini mwaka huohuo mashindano ya World Press Photo, yenye makao yake Amsterdam, yaliitumia RAW kulinda ukweli uleule. Picha zilizofika hatua za mwisho zililinganishwa na faili asilia, na kama moja kati ya tano ikaondolewa. Sisi wa mpakani hilo tunalielewa bila kufundishwa: mzigo wenye lakiri unafunguliwa mbele ya ofisa na hesabu inalingana, uliofunguliwa njiani unaulizwa maswali. RAW ni vigumu sana kuichezea bila kuacha alama. Programu za kuhariri zenyewe haziiandiki upya, zinaweka maagizo pembeni na kuiacha kama ilivyotoka kwenye kamera.

Na kuna kitu kimoja mkoani kwetu ambacho siwezi kukipiga kwa JPEG. Ni Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Chuma cha takriban tani 16, urefu wa kama mita 3, kilichojulikana kwa wenyeji kabla mpimaji W. H. Nott hajakitangaza kwa ulimwengu wa nje mwaka 1930. Kwa mbali kinaonekana cheusi, na JPEG ya kamera inakubaliana na macho ya mbali: inakizamisha kwenye weusi, kwa sababu nyuma yake kuna anga jeupe na kamera inakoleza tofauti ili picha "ipendeze". Sogea karibu. Uso wake umejaa vishimo vya kina kifupi, na ndani ya kila kishimo mna kahawia yake. Ubavu mmoja una wekundu wa kutu, juu kuna kijivu kinachokaribia bluu, na palipokatwa kipande kwa uchunguzi chuma kinaonyesha rangi yake. Zote hizo ziko kwenye sehemu ya chini kabisa ya mwanga, kwenye ngazi ambazo JPEG imezibana zikawa chache. Kwa RAW napiga nikilinda anga, nyumbani navuta chuma peke yake, na kahawia zinatengana moja baada ya nyingine.

Maua ya kahawa mashambani ni shida ileile iliyogeuzwa: meupe juu ya majani yenye kijani kizito, na yanadumu siku chache tu.

Kwa hiyo, kazi yangu ya Jumamosi imekaa hivi: RAW kwa kila kitu cha kanisani na cha nje, pamoja na JPEG ndogo inayohifadhiwa sambamba, maana kamera nyingi zinaweza vyote viwili kwa mpigo. JPEG ndogo ndizo ninazowarushia familia jioni ileile, kwa kuwa shangazi wa Ileje hatasubiri wiki mbili aone keki. RAW nakaa nazo. Albamu ikishachukuliwa na familia ikaridhika, natunza JPEG za ukubwa kamili kwenye diski mbili, na RAW nabakiza za picha zilizochaguliwa tu. Kuna wenzangu wataniona mharibifu. Wao wana diski nyingi.

Wewe unayekodi, usiulize kama mpiga picha anatumia RAW. Muulize akuonyeshe picha moja aliyoipiga saa saba mchana, yenye shela na suti, na uzitazame shanga na nyuso. Muulize nakala zinakaa wapi na kwa muda gani. Muulize utapewa faili za ukubwa gani. Na akikuambia atakupa RAW zote kwenye flashi siku ileile, mwombe akuonyeshe pia na kompyuta utakayozifungulia.